Naingia Dar mara ya kwanza na IST yangu, nampeleka bi mkubwa Muhimbili. Tulale wapi na gari lilale wapi?

Mbena wa Mtwango

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu.

Moja kwa moja kwenye mada. Bi mkubwa wangu amepewa rufaa ya kwenda taasisi ya moyo pale Muhimbili, kliniki ni Jumatatu ya wiki ijayo. Tunatokea Njombe. Mwanzo nilitaka tupande basi ila daktari wa huku kasema asikae mkao mmoja muda mrefu, kila baada ya muda ashuke anyooshe miguu, na mabasi yetu mnayajua yanavyosimama, dakika kumi za kuchimba dawa na kula humo humo, kwahiyo nimeamua nije na kausafiri kangu, ni IST, nimeshaifanyia sevisi. Njia naijua mpaka Morogoro. Dar sijawahi kufika, naomba mnielewe, sio kwamba naijua kidogo, SIJAWAHI KUFIKA KABISA, naionaga kwenye taarifa ya habari foleni na mafuriko basi.

Tuko watatu, mimi, bi mkubwa na mdogo wangu wa kike atakayekuwa anamhudumia. Kulala bajeti yangu ni elfu 40 kwa siku, tukijikaza sana elfu 60, na hatujui tutakaa siku ngapi maana vipimo vinaweza kula wiki. Alafu kuna gari. Huku kwetu unapaki popote unaingia ndani unalala, huko nasikia ukipaki vibaya linafungwa mnyororo na ukipaki vizuri asubuhi unalikuta halina saiti mira (vioo vya pembeni).

Naomba tusitukanane, ni suala la mgonjwa.

Mtoto wa Tandika

Ngoja wajuzi waje. Ila koti la baridi liache huko huko Mtwango mkuu, ukishuka nalo hapa hata mateja watajua mgeni kafika 😂

Pole na mama.

Dereva wa Usiku

Pole sana na mgonjwa mkuu. Mimi kazi yangu ni kubeba abiria hapa mjini, wageni wa mikoani nawabeba kila siku kwahiyo nisikilize vizuri.

Watu wanaokuja Dar na gari wanatafuta chumba kwanza, habari ya gari wanaiwaza wakishafika mlangoni. Wewe geuza. Tafuta kwanza gari litalala wapi, chumba kitafuata. Maana ukipata chumba cha elfu 20 Kariakoo kwenye gesti isiyo na geti, gari unalilaza nje kwa mlinzi wa duka unampa elfu 3, asubuhi kabla hujanywa chai kijana wa ushuru wa maegesho ameshaiandika namba yako, mchana ukitoka na kurudi nafasi yako kakaa fuso anashusha mabegi ya kichina, unazunguka Msimbazi, Sikukuu, Aggrey, Likoma, unakunywa mafuta, jioni ukipiga hesabu kile chumba kimekutoka elfu 40 na hujalala kwa amani. Huku pembeni elfu 35 unapata chumba self (choo na bafu ndani) chenye feni au AC, geti, mlinzi na gari ndani kwenye uzio. Hapo ndio penye unafuu.

Sasa wewe unaingia na Morogoro Road. Chalinze, Mlandizi, Kibaha, alafu Kibamba, Mbezi, Kimara, Ubungo, Manzese, Magomeni. Kuanzia Kibaha barabara ni pana njia nane mpaka Kimara, usishangae. Chalinze mpaka Kibaha heshimu vibao vya 50, kuna trafiki na tochi za kupima mwendo vichakani, kosa moja ni elfu 30 na hiyo ni karibu chumba cha siku. Usiingie Dar saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku. Ni kweli hiyo saa foleni kubwa ni ya wanaotoka mjini, ila hata wanaoingia wanasimamishwa kila makutano, na trafiki akiamua kuvuta upande mmoja unaweza kuzima gari ukashuka kununua karanga. Panga ufike Kibaha saa tisa mchana, au mlale Morogoro muingie asubuhi ya Jumapili. Jumapili asubuhi Dar inapitika vizuri, hata mgeni anaendesha bila kutukanwa.

Na njia ya katikati ya mabasi ya mwendokasi usiingie hata ukiona boda wamejaa humo. Wao wana roho zao.

Shangazi wa Kimara

Mimi ningemshauri akae Kimara au Mbezi tu. Loji ziko nyingi nyuma ya barabara, Kimara Korogwe, Bucha, Baruti, elfu 25 mpaka 40 self na paking ya kutosha maana huku viwanja vilikuwa vikubwa. Gari analiacha linapumzika, asubuhi anapanda mwendokasi Kimara anashuka Fire, hapo bajaji mpaka Muhimbili ni karibu sana. Hana haja ya kuijua Dar. Gari lisiingie mjini kabisa.

Kiroboto

@Shangazi wa Kimara dada umeshapanda mwendokasi Kimara saa kumi na mbili asubuhi? Mgonjwa wa MOYO? Pale watu wanaingilia madirishani. Mimi mzima wa afya natoka nimevuliwa kiatu, iwe mama mtu mzima kutoka Njombe.

Shangazi wa Kimara

@Kiroboto sijasema aende nae saa kumi na mbili. Na Kimara ndio linapoanzia, akisubiri anapata siti. Sio kila mtu ana hela ya teksi ya Bolt kwenda na kurudi kila siku.

Kiroboto

Anasubiri mpaka saa ngapi wakati kliniki wanataka ufike alfajiri ukafungue faili? Siti ya kusubiri mpaka saa tatu haimsaidii.

Dereva wa Usiku

Wote mko sahihi ila inategemea nani anasafiri. Angekuwa peke yake anakuja kununua mzigo Kariakoo ningemwambia Kimara na mwendokasi, wala nisingeongeza neno. Gari kulipeleka Kariakoo ni kujitafutia presha. Ila kwa mgonjwa ni vizuri asogee karibu ili ule mwendo wa asubuhi uwe mfupi, bajaji au Bolt ya hela ndogo, na akizidiwa usiku hospitali iko jirani. Magomeni, Kinondoni, Ilala, Upanga yenyewe. Huko ndio tumtafutie.

@Mbena wa Mtwango kabla hujapakia begi, angalia ile karatasi ya rufaa imeandikwaje. Muhimbili kuna ya Upanga na kuna ya Mloganzila. Mloganzila iko huku Kibamba, unaikuta hata Mbezi hujafika, na Upanga ni mjini kabisa. Nimeshabeba watu wamelala Magomeni kumbe kliniki yao Mloganzila, wanarudi kilomita zote walizokuja. Taasisi ya moyo yenyewe iko ndani ya Muhimbili ya Upanga, ila tangu 2022 ile hospitali ya Dar Group kule TAZARA nayo iko chini yao, na kuna wagonjwa wanapangiwa kule. Piga simu uulize. Ukiambiwa TAZARA basi ushauri wote wa humu unabadilika.

Mbena wa Mtwango

Nashukuru sana wakuu, nimepiga simu wamesema ni Upanga.

Kuna jambo sikulisema. Nina binamu yangu anakaa Chanika, amesema tufikie kwake bure na ana uwanja mkubwa wa gari. Mnaonaje? Na je, nikiomba chumba cha dabo si tunaenea wote watatu, mimi nalala kitanda kimoja wao kingine?

Mtoto wa Tandika

Chanika 😂😂😂 Mkuu Chanika ukitoka asubuhi kwenda Muhimbili unafika mchana. Binamu yako anapenda sana ndugu zake lakini hapo bora mlale Morogoro.

Mama wa Gesti

Mimi nasimamia loji Magomeni (jina silitaji nisije nikaambiwa natafuta wateja), ngoja nikujibu hilo la dabo. Kwenye loji zetu chumba cha dabo maana yake kitanda kikubwa kimoja. Sio vitanda viwili. Wageni wa mikoani hili linawachanganya sana, mtu anafika saa nne usiku na mama yake mzazi, anafungua mlango anakuta kitanda kimoja cha sita kwa sita na taulo wameikunja umbo la bata. Ukitaka vitanda viwili sema hivyo hivyo, VITANDA VIWILI, na jiandae kuambiwa havipo. Kwahiyo nyinyi mtahitaji vyumba viwili, bi mkubwa na binti kimoja na wewe kimoja kidogo cha feni. Cha bi mkubwa chukua self cha elfu 35, chako hata cha elfu 20. Kama mnakaa wiki usilipe siku moja moja, nenda kwa mwenye nyumba au meneja, ongea kwa upole mwambie una mgonjwa, mtapunguziwa. Wa mapokezi hana uwezo wa kupunguza, usimchoshe.

Kuhusu mgonjwa wa moyo uliza chumba cha CHINI. Usiambiwe tu "kipo chumba kizuri kina upepo", ukifika kiko ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Uliza choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Uliza kama bafuni kuna kizingiti kirefu, maana mafundi wetu wanapenda kuweka kizingiti cha goti mgonjwa anajikwaa usiku. Na chandarua kiwepo, hata kama kuna AC. Nyie wa Njombe mbu wa huku hamjawazoea, malaria juu ya moyo hapana.

Kitambulisho mje nacho wote, kile kitabu cha wageni tunaandika jina, kabila, unapotoka, unapokwenda. Na kutoka ni saa nne asubuhi, ukipitiliza unalipishwa siku nyingine, ila ukisema mapema kwamba mnatoka hospitali mchana tunaelewana.

Mbena wa Mtwango

Aisee, la kitanda kimoja hilo ningeumbuka. Asante sana mama.

Na Chanika nimemwambia binamu yeye ndio atatufuata mjini kutusalimia.

Mzee wa Parokia

Kijana, kuna sehemu watu huwa wanazisahau, nazo ni hosteli za madhehebu. Msimbazi Centre ya Wakatoliki, barabara ya Kawawa upande wa Ilala. Kurasini pale kwa Baraza la Maaskofu. Jeshi la Wokovu Mgulani, barabara ya Kilwa. Luther House ya Walutheri kule mjini karibu na bahari, na YMCA na YWCA nazo mjini. Hawaulizi unasali wapi, Waislamu wanalala humo siku zote. Uzuri wake ni tatu kwangu mimi: vitanda viwili vinapatikana, hakuna muziki, na zile zenye uwanja gari linalala ndani ya ukuta. Za mjini kama Luther House na YMCA ni nzuri kwa mtu asiye na gari, ukiwa nalo uliza kwanza. Wewe ningekupa Msimbazi. Ukitokea Ubungo unanyoosha mpaka Magomeni, pale makutano unaingia kulia barabara ya Kawawa unaelekea Ilala. Piga simu mapema kwa sababu zikiwa na semina zinajaa, na semina hazikosi. Kwenye baadhi yao geti linafungwa mapema usiku.

Kiroboto

Mzee umenena. Ila kuna mtu atakuja kumshauri Sinza hapa, nimekaa pale nasubiri.

Sinza Kwetu

Nimekuja 😂 Sinza ina ubaya gani? Loji kila baada ya nyumba mbili, bei inashindaniwa, elfu 30 unapata chumba chenye AC, runinga, maji moto. Kutokea Morogoro Road akishavuka Ubungo anakuta Shekilango anaingia kushoto, kafika. Msosi upo masaa yote, famasi zipo.

Mama wa Gesti

Sinza ni pazuri kwa vijana. Kwa mama mgonjwa, hapana, au achague kwa makini. Loji nyingi za kule zinaishi kwa shoti taimu, mlango unafunguliwa na kufungwa usiku kucha, na chini kuna baa spika imeelekezwa juu. Aende mchana ataiona ni tulivu sana, usiku wa Ijumaa atatamani alale kwenye gari. Ukitaka kuijua loji ni ya namna gani uliza tu "bei ya masaa mawili ni shilingi ngapi?" Wakikujibu haraka haraka, ondoka.

Sinza Kwetu

Hilo la masaa mawili sikatai 🙌 Ila ziko za familia, mitaa ya ndani kule mbali na barabara kubwa. Sio zote.

Fundi Saiti Mira

Naona mmeongea sana vyumba, la gari mmeligusa juu juu. Mimi ni fundi wa magari, IST ndio gari inayoibiwa vifaa kuliko... sina takwimu lakini ndio nazopokea gereji. Saiti mira, taa za nyuma, swichi za vioo, betri, na rejeta kapu. Sababu ni rahisi, IST zimejaa mjini kwahiyo soko la vifaa vyake halilali.

Kabla hujatoka huko chora namba ya gari kwenye saiti mira zote mbili, kwenye vioo vyote na kwenye taa. Vijana wa kuchora wapo kila mji, hata Njombe hawakosi. Kioo chenye namba mwizi hakitaki maana kukiuza ni tabu. Saiti mira zikunje usiku. Usiache hata chaja inaning'inia. Dirisha likivunjwa kwa ajili ya begi la nguo chafu, kioo utanunua wewe.

Sasa hiyo "paking ipo" ya loji. Kila loji itakwambia paking ipo. Nenda ukaione kwa macho na uongee na mlinzi, sio mrembo wa mapokezi. Muulize magari yanapangwaje. Uwanja mwingi wa loji za Dar ni wa magari manne wanaingiza tisa, moja nyuma ya jingine. Wewe una kliniki, unataka kutoka saa kumi na moja alfajiri, nyuma yako kuna Klugger ya mtu amerudi saa tisa usiku amelewa, mlinzi hajui yuko chumba gani. Kwahiyo mwambie mlinzi jioni ile ile "natoka saa kumi na moja", mpe hata elfu 2, atakuweka mdomoni mwa geti na kichwa kinaangalia nje. Wengine wanataka uwaachie funguo ili walisogeze, hapo ni wewe na moyo wako, mimi siachi.

Na kama chumba ni kizuri sana ila paking hakina, uliza sheli iliyo jirani. Sheli nyingi wanalaza magari usiku, elfu 2 mpaka 5, kuna taa na mlinzi. Ila asubuhi mapema wanataka uondoke.

Dereva wa Usiku

Fundi kamaliza. Niongezee ya mchana, mjini.

Maegesho ya barabarani yanalipiwa kwa namba ya gari. Kijana anakuja na kimashine au simu, anaingiza namba yako, deni linakaa kwenye mfumo, wewe unalipa kwa kontrol namba kupitia simu. Usimpe hela mkononi mtu anayekwambia "nipe buku nisikuandike", akishaondoka anakuja mwingine anakuandika na buku imeenda. Wapo pia vijana wanaokuongozea riva "njoo njoo njoo, kata kulia, hapo hapo", hao sio wafanyakazi wa mtu, ila ukimpa mia tano anakuangalizia gari kweli, na usipompa hakufanyi kitu zaidi ya kukutukana kimoyomoyo. Kupaki kwenye mdomo wa geti la mtu, juu ya njia ya watembea kwa miguu, au mtaa wenye kibao, ndio unafungwa mnyororo au unavutwa na brekidauni. Hapo hesabu ni kubwa na siku imeharibika.

Muhimbili nafasi ya kupaki ni ya kubahatisha, asubuhi hasa. Kama umelala Magomeni au Ilala gari liache ndani, chukueni Bolt au bajaji mpaka mlangoni kwa mama, mtalipa kidogo kuliko usumbufu wa kutafuta nafasi huku mgonjwa amekaa kwenye jua. Boda asipande. Na mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi usipite Jangwani bila kuuliza, pale maji yanafunga barabara. Mwambie dereva apitie Kinondoni, Ali Hassan Mwinyi, Salenda, aingilie barabara ya Umoja wa Mataifa.

Msukuma wa Kihonda

Mimi nina wazo tofauti na msinipige mawe. Kwanini aingie Dar na gari kabisa? Aje nalo mpaka Moro, aliache, apande treni ya SGR. Daraja la kawaida elfu 13 kwa mtu, haifiki masaa mawili uko Dar, mama anakaa ananyoosha miguu, choo kipo, anaweza kusimama akatembea humo humo. Hayo masharti ya daktari treni inayatimiza kuliko IST.

Kiroboto

Hii ni akili. Ila gari aliache wapi Moro wiki nzima?

Msukuma wa Kihonda

Kama ana ndugu au rafiki Moro. Kama hana basi loji ya Kihonda huku karibu na stesheni, alale usiku mmoja apatane na mwenye loji gari libaki, amlipe ulinzi wa siku hizo. Tiketi akate mapema, mwisho wa wiki zinajaa.

Mzee wa Parokia

Wazo zuri hilo. Hesabu yake tu: watu watatu kwenda na kurudi ni elfu 78, ongeza kulaza gari wiki. Mafuta ya IST Moro mpaka Dar na kurudi hayafiki hapo. Lakini hesabu ya mgonjwa sio ya mafuta peke yake.

Mbena wa Mtwango

Wakuu mmenipa kazi ya kufikiri usiku kucha 😅 SGR bi mkubwa ameipenda sana, anasema anataka kuiona kabla hajafa, nimemwambia hafi. Ila Moro sina mtu, na gari ndio mali yangu pekee, kuliacha kwa mtu nisiyemjua wiki nzima sitalala. Nitakuja nalo. Tunalala Moro Jumamosi, Jumapili asubuhi tunaingia kama alivyosema Dereva. Msimbazi nimewapigia, wana ugeni wa semina. Kuna mtu humu amenifuata inbox ana apatimenti vyumba viwili Kinondoni, elfu 45 kwa siku na paking, picha nzuri sana, anataka nitume nusu leo aniwekee.

Mtoto wa Tandika

"Ile hela tuma kwenye namba hii" 😂

Mama wa Gesti

USITUME. Hata iwe elfu 5. Mwenye nyumba ya kweli atakwambia njoo uone. Mwambie una ndugu Kinondoni anakuja sasa hivi kuiangalia na hela taslimu, uone atakavyokata simu.

Mbena wa Mtwango

Nimemwambia hivyo. Kanibloku.

Fundi Saiti Mira

😂😂😂 Karibu Dar kabla hujafika.

Mbena wa Mtwango

MREJESHO

Wakuu salamu kutoka Magomeni. Jumapili tuliingia asubuhi kweli barabara nyeupe, Ubungo nilipita juu ya daraja sikujua kama nimepita Ubungo mpaka ramani ya simu ikaniambia nimeshaiacha nyuma.

Loji ya kwanza niliyokuwa nimeongea nao kwa simu siku mbili kabla, nafika wananiambia vyumba vimeisha, eti sikuthibitisha. Kumbe wamempa mtu aliyelipa zaidi. Bi mkubwa amechoka, jua kali. Nilikumbuka maneno ya humu sikuanza kugombana, nikawaacha wakae kwenye gari kivulini nikazunguka mitaa ya nyuma kwa miguu. Ya tatu nikapata. Vyumba viwili vya chini, cha mama self elfu 35, changu elfu 20, choo cha nje ila kisafi. Meneja nilimweleza habari ya mgonjwa, tukilipia wiki wanatufanyia elfu 45 kwa siku vyote viwili. Geti lipo na mlinzi ni mzee wa Iringa, tulipojuana ni mtu wa nyumbani nikasahau hata kumpa ile elfu 2, nikampa kesho yake. IST imekaa mdomoni mwa geti, ina vumbi tu.

Muhimbili tunaenda na bajaji. Siku ya kwanza dereva alitaka kutubamiza bei akasikia lafudhi yetu, mdogo wangu akafungua apu ya Bolt akamuonyesha bei, akacheka akashusha. Mama amefanyiwa vipimo vya mwanzo, kesho kutwa tunarudi. Joto ndio linamsumbua kuliko moyo, anauliza watu wa huku wanalalaje.

Dereva wa Usiku

Safi sana mkuu. Usimpandishie AC mpaka mwisho, itampiga baridi. Nyuzi 20 na kitu inatosha.

Siku ya kuondoka, hata kama hujapaki mjini sana, angalia deni la maegesho kwa namba ya gari yako, na uangalie pia madeni ya trafiki. Kuna watu wanafika nyumbani, mwaka unaofuata anasimamishwa anakuta deni lenye faini juu yake.

Mbena wa Mtwango

Asante, nitafanya hivyo.

Mwana Kilwa Masoko

Wakuu samahani kwa kudandia uzi. Mimi natokea Kilwa, naingia na barabara ya Kilwa kupitia Mbagala, sio Morogoro Road. Nina Noah, nakuja mnada wa vitu bandarini siku mbili. Haya ya Magomeni yananihusu?

Mzee wa Parokia

Hayakuhusu sana. Wewe Magomeni ni kujizungusha. Jaribu Mgulani kwa Jeshi la Wokovu, iko barabara hiyo hiyo unayokuja nayo, au Kurasini, na bandari iko jirani. Wapigie kabla, uliza vitu viwili tu: nafasi ipo, na Noah inaingia getini?

Fundi Saiti Mira

Na kama ni Noah ya kioo kikubwa nyuma, chora namba.